Mbogo na risasi ya kwanza: laini au ngumu?

Kuhusu bunduki, wawindaji wa mbogo siku hizi hawana ubishi mkubwa. Kaliba (kipenyo cha risasi kwa inchi) ya .375, iliyoanza kuuzwa na Holland & Holland ya London mwaka 1912, wengi wanaihesabu kuwa kima cha chini kwa mnyama hatari. Vita iko kwenye kichwa cha risasi.

Risasi laini ikigonga nyama hupanuka kama uyoga, ikachana tundu pana. Ngumu haibadiliki umbo. Inatoboa tu na kuendelea. Wapenzi wa ngumu wana hoja nzito: dume la mbogo linaweza kupita kilo 700, na moyo wake umekaa chini kifuani, umekingwa na mifupa ya bega. Laini za zamani zilikuwa zinasambaratika palepale begani. Halafu watakutajia Bell, yule Mskochi aliyewinda Karamoja, Uganda, hadi akaitwa Karamojo Bell. Aliua tembo zaidi ya 1,000, wengi wao kwa bunduki ya milimita 7 tu, akitumia risasi ngumu. Sawa, lakini Bell alilijua fuvu la tembo kama kiganja chake. Mgeni aliyeshuka kwenye ndege juzi si Bell.

Mimi kinachonitisha ni kundi. Risasi ngumu ikipita katikati ya mbavu hutoka upande wa pili ikiwa bado na nguvu, na nyuma ya dume lile pengine kasimama jike ambaye hakuna aliyemwona. Sasa mna majeruhi wawili kichakani, na kwa desturi ya uwindaji wa kulipia, aliyejeruhiwa akapotea anahesabiwa ameuawa. Msoma nyayo anachuma jani lenye damu, analigeuza juani. Damu ya waridi yenye povu ni ya mapafu. Mnyama hayuko mbali. Ikiwa imechanganyika na majani yaliyotafunwa, ni tumbo, na hapo watu hunyamaza.

Kwa hiyo ya kwanza naiweka laini, ila ya kisasa: ya shaba tupu, au ile ambayo kiini chake cha madini ya risasi kimeunganishwa na ganda kisiachane. Ya shaba ni ghali, sibishi, lakini haimwachii tai sumu ya madini ya risasi kwenye matumbo yanayotupwa porini. Jimbo la California, Marekani, lilikamilisha marufuku ya madini hayo katika uwindaji mwaka 2019. Zinazofuata ziwe ngumu, kwa sababu mbogo akishageuza mgongo, risasi lazima ipenye mwili mzima ili ifike kifuani. Kwa dume mzee aliyejitenga na kundi, anayetaka kuanza na ngumu simkatalii.

Ila azijaribu zote mbili kwenye ubao wa shabaha kabla ya kuingia porini. Bunduki ileile inaweza kuipeleka laini katikati na ngumu ikaitupa pembeni.