Skripti ikubali kila kitu ama ikatae?

Juzi nimetumiwa faili la Excel la visima hapa Uganda, kuanzia Mpigi kushuka hadi Masaka, na koodineti zote (namba za kuonyesha kisima kiko wapi) zimeandikwa kama maandishi tu, inabidi skripti, yaani programu ndogo, izigeuze ziwe digrii za desimali. Mstari mmoja 0°20'30"S, unaofuata 0º 20’ 30’’ S, mwingine 0 20.5 S, halafu kuna bwana kaandika -0 20 30 bila herufi yoyote. Zote nne ni pahali pamoja! Hesabu yenyewe siyo kesi: digrii, jumlisha dakika gawa kwa 60, jumlisha sekunde gawa kwa 3600, unapata 0.34167, ikiwa ni kusini unaweka alama ya kutoa, basi.

Sasa wenzangu wengine wanataka skripti iwe mpole, iokote namba tu na isijali alama zilizo katikati. Nawaelewa kabisa, mtu yuko kijijini, simu kioo kimepasuka, mvua hiyo inakuja, utamdai vipi atofautishe ° na º? Ukikataa kila mstari wenye kasoro utabaki unachapa kwa mkono mpaka usiku. Kwa alama niko na wapole.

Ila kwa N na S, yaani kaskazini na kusini, hapana. Tanzania nzima iko kusini ya ikweta, skripti ikikisia kusini haikosei. Sisi ikweta inatukata, pale Kayabwe watu wanashuka garini kupiga picha, kwa hiyo digrii zetu nyingi ni sifuri na hapo ndipo balaa linaanzia: kwenye Python, lugha ya kuandikia programu, int("-0"), yaani isome kama namba kamili, inakupa 0, alama imekwenda. Ukitumia float, yaani namba ya desimali, alama inabaki lakini ukiuliza kama ni chini ya sifuri inakujibu hapana. Kisima cha Masaka kinaruka kama kilomita 75 kwenda kaskazini, na bado kiko Uganda, kwenye ramani hakuna kitu kitakushtua. Afadhali basi kingeangukia ziwani ungekiona.

Na aliyetenganisha kwa nukta, 0.20.30, je? Mpole mmoja aliisoma 0.2030, kilomita 15 hizo zimepotea.

Kwa hiyo yangu inatafuta N, S au alama ya kutoa kwenye maandishi kabla haijagusa namba, na mstari usio na chochote inauweka pembeni. Ilibaki kumi na moja. Nikampigia aliyeandika, akacheka, "Ssebo, si jina la kijiji liko hapo kando?"