Sindano ya degedege, na ugumu wa kuhoji unachokiamini

Sisi tuliokulia Pwani hii kitu tumeikuta: mtoto akipata degedege usikubali achomwe sindano, atakufa. Kwanza afukizwe mavi ya tembo, aogeshwe dawa, dege, yaani yule pepo anayeaminika kumshika mtoto, likishamwachia ndo mambo ya hospitali yafuate. Na usidhani ni imani ya wasioenda shule tu, mimi nimeisikia kwa mwalimu kabisa.

Watu wengi hii mada wanaimaliza kwa neno moja, ujinga. Hata mimi miaka mingi nilikuwa hukohuko, naona ni suala la elimu tu, waelezwe kwamba degedege mara nyingi ni homa kali au malaria imepanda kichwani, wataacha. Siku hizi sioni hivyo tena.

Bibi yangu alifiwa na mtoto wa kiume, mdogo wake mama. Mtoto alianza kukakamaa na kugeuza macho, wakahangaika naye kwa waganga, siku ya tatu ndo akapakiwa kwenye baiskeli mpaka zahanati, akachomwa sindano, jioni hakuiona. Sasa mweleze bibi. Yeye hakuhadithiwa, sindano imeingia mtoto kaondoka, kaona kwa macho yake, na majirani nao wameona hivyohivyo kwa sababu wote walikuwa wanawafikisha watoto wakiwa hoi, kwahiyo kila mtoto aliyecheleweshwa akafia zahanati anakuwa sababu ya mwingine naye kucheleweshwa. Imani inajitengenezea ushahidi wake yenyewe. Ukiwa ndani huioni hiyo.

Na tuseme ukweli, ile hofu ya sindano haikutoka hewani. Dawa ya malaria kali enzi hizo ilikuwa kwinini, na kwinini ni dawa ya kwenda nayo taratibu, inashusha sukari mwilini, ukiipiga kwa haraka kwenye mshipa moyo unaweza kuyumba. Mzazi anayeuliza "mnamchoma nini mwanangu" anastahili kujibiwa, sio kufokewa pale dirishani.

Halafu hospitali nao walikuwa na imani yao. Kwinini ilishika usukani miaka na miaka, mtu akizidiwa anatundikiwa dripu ya kwinini, nani angehoji? Mpaka yakatoka matokeo ya utafiti mkubwa mwaka 2010, watoto 5,425 katika nchi 9 za Afrika, zikiwemo hospitali za Muheza na Korogwe kule Tanga na Kilifi kwa wenzetu Kenya. Waliopewa kwinini walifariki asilimia 10.9, waliopewa sindano ya atesuneti, dawa nyingine ya malaria kali, asilimia 8.5. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani (WHO) wakabadili mwongozo wa watoto, atesuneti ikachukua nafasi ya kwinini. Hapo naona ndo tofauti ilipo, na kwangu ni kubwa kuliko habari ya nani kasoma: madaktari walikuwa na namna ya kuwahesabu waliokufa na waliopona kwa pamoja, tena hakuna aliyeambiwa kwamba kosa ni lake peke yake. Bibi alikuwa na mtoto mmoja na kaburi moja, atalinganisha na nini?

Wanaosema imani za wazee ziachwe kama zilivyo sikubaliani nao, hii inaua watoto na lazima isemwe, tena mapema, kliniki, mtoto akiwa mzima, sio usiku ule anapokakamaa. Ila anayetaka bibi akubali kirahisi ajue anachomwomba. Ukimwondolea sindano lawama, lawama haipotei, inahamia kwenye zile siku tatu, na zile siku tatu aliyeamua ni yeye, kwa mapenzi yote aliyokuwa nayo.

Mwaka jana mtoto wa dada alipandisha homa usiku, bibi akashika mlango, sindano hapana. Tulimpita tukaenda, mtoto akachomwa, akarudi anacheza. Bibi alimkagua mikono na miguu, akamweka mapajani, akasema lile halikuwa dege, ilikuwa homa tu. Nilikuwa nimekaa palepale mkekani na sikumbishia.