Kauli ya kutendwa katika Kiingereza: tumtazame anayefichwa

Anayejifunza kuandika Kiingereza hukutana mapema na onyo kwamba kauli ya kutendwa (passive), yaani umbo la sentensi linalomtanguliza anayetendewa badala ya mtenda, ni udhaifu. Mwandishi Mwingereza George Orwell aliligeuza kuwa sheria katika insha yake ya mwaka 1946, "Politics and the English Language": usiitumie kamwe pale unapoweza kutumia kauli ya kutenda. Siku hizi hata programu za kukagua sarufi huipigia mstari.

Onyo hilo halikuzuka bure. Januari 1987, akilihutubia Bunge la Marekani kuhusu silaha zilizouziwa Iran kwa siri, Rais Ronald Reagan alisema "serious mistakes were made". Makosa yanakubaliwa, lakini aliyeyafanya humpati ndani ya maneno hayo. Hakuna "I", hakuna "we", wala "by" ya kumtaja mtu mwishoni. Barua za ofisini nazo zimejaa "your application was delayed", na huko ni kumnyima msomaji haki ya kujua amdai nani.

Hata hivyo, kosa halimo katika umbo la kitenzi. Reagan angesema "serious mistakes occurred", kauli ya kutenda kabisa, na mtenda angebaki amejificha vilevile. Tena kauli ya kutendwa yaweza kumtaja mtenda waziwazi. Tangazo la Uhuru wa Marekani la 1776 linasema watu wote "are created equal", na kwamba "they are endowed by their Creator" haki zisizoondoleka. Hoja ni watu na haki zao, kwa hiyo watu wanatangulia na Muumba anafuata. Ukianza na Muumba, maana ya msingi haipotei, ila uzito unahama.

Hapo ndipo ufundishaji wetu unapopungukiwa. Mwanafunzi wa sekondari hupewa "Juma ate the mango" aigeuze iwe "The mango was eaten by Juma". Anapata maksi zake, lakini haambiwi ni lini mwandishi angeihitaji sentensi ya pili. Angeihitaji kama aya nzima inafuatilia embe: lilinunuliwa wapi, liliwekwa wapi, likaishia kwa nani.

Katika ripoti ya maabara, "the solution was heated" inatosha, maana aliyewasha moto habadilishi matokeo. Lakini makala ya wanasayansi Watson na Crick ya 1953 kuhusu umbo la DNA, kemikali inayobeba urithi wa viumbe, inaanza na "We wish to suggest". Wanapendekeza jambo jipya, na pendekezo lazima liwe na mwenyewe.

Orwell naye, katika sentensi ya kwanza kabisa ya insha ile ile, aliandika "it is generally assumed" (inadhaniwa na wengi), nayo ni kauli ya kutendwa. Simlaumu. Alikuwa anataja dhana iliyoenea, isiyo na mtu mmoja wa kubebeshwa, na sentensi yake imekaa sawa. Neno "kamwe" ndilo lililozidi kipimo.