Pasi Iliyowasha Taa

Kwa miaka mingi gereji ya nyumbani kwangu ilikuwa na balbu moja tu ya wati 60, inaning'inia darini kama popo mgonjwa. Ukifungua boneti, kivuli chako mwenyewe ndicho kinachotangulia kuingia kwenye injini. Spana namba 10 nimeitafuta humo nikiwa nimeing'ata simu kwa meno ili inimulikie, mpaka mate yakaingia kwenye tundu la chaji.

Siku moja nikasema basi. Nikanunua tyubu nne za LED, wati 18 kila moja, na soketi ya kufunga karibu na meza ya kazi.

"Baba watoto, si umwite fundi?" mke wangu akauliza.

Nikamjibu kwamba umeme ni kujua rangi tu. Kahawia ni waya wa moto, unaoleta umeme; bluu ni nyutro, unaourudisha; kijani yenye njano ni ethi, wa usalama. Hata mtoto wa chekechea anaweza. Hilo neno la chekechea bado narudishiwa mpaka leo.

Tyubu hazikunisumbua. Nilizima swichi kuu, nikapanda ngazi, nikafunga zote nne, nikarudisha umeme. Lo! Jumla ni wati 72, yaani 12 tu zaidi ya ile balbu, lakini pakawa peupe kama uwanja wa mpira usiku. Nikawaona buibui niliokuwa nikiishi nao bila kujuana. Nikaona pia gari lina mkwaruzo mrefu ubavuni. Kwa kuwa sikukumbuka ni nani kati yetu aliyeliendesha mwisho, nikanyamaza.

Ikabaki soketi. Boksi la swichi ya taa lilikuwa pua na mdomo na meza, nikalifungua. Ndani: kahawia mmoja, bluu mmoja, na ethi. Si nilisema? Nikachukua tesa, ile bisibisi ya kupimia umeme. Swichi ikiwa imezimwa, nikagusa kahawia, kitaa cha tesa kikawaka. Nikagusa bluu, kimya. Mnataka ushahidi gani tena? Nikazima swichi kuu, nikaunga soketi kwenye nyaya hizohizo, nikakaza skrubu, nikarudi nyuma hatua mbili kujipongeza.

Nikawasha taa, nikachomeka grainda, nikaiwasha. Hola. Nikaipiga kofi. Hola. Nikaona basi, grainda imekufa, nizime taa nikalale. Nikabonyeza swichi ya ukutani. Taa hazikuzimika. Nikabonyeza tena, na tena. Zinanitazama tu. Kwa hasira nikang'oa plagi ya grainda: giza. Nikachomeka: mwanga. Nikachomoa: giza. Jamani, jasho lilinitoka. Kwa sekunde kadhaa niliamini kabisa kwamba humo ndani tuko wawili.

"Mama watoto, hebu niletee pasi!"

Akaileta. Nikachomeka, taa zote nne zikawaka peee. Pasi yenyewe tuliishika chini kwa viganja, yeye na mimi, dakika tano nzima. Baridi kama kokoto ya kisimani.

"Kwa hiyo nikitaka mwanga," mke wangu akauliza taratibu, "ninyooshe nguo?"

"Ni mfumo wa kisasa."

"Na nikitaka kunyoosha nguo?"

Hapo sikuwa na jibu. Nikachomoa plagi, nikaiacha pasi palepale mezani, imelala bapa juu ya ovaroli yangu.

Fundi alikuja kesho yake. Alifungua boksi, akachungulia, akakaa juu ya ndoo acheke vizuri.

"Mzee, humu hamna nyutro. Nyutro iko juu huko, kwenye taa. Kahawia analeta umeme kwenye swichi, bluu anaupeleka taani. Aliyefunga alitakiwa amzungushie huyu bluu tepu ya kahawia, ijulikane kuwa naye ni wa moto."

"Mbona tesa haikuwaka?"

"Si ulizima swichi? Ungewasha ungeona."

Kumbe soketi yangu ilikuwa swichi ya pili. Umeme ulipita kwanza ndani ya pasi ndipo upande taani, na taa zile zinavuta kama ampea 0.3 tu, wakati pasi ya wati 1,000 inahitaji zaidi ya 4. Hata uvuguvugu isingepata. Nikiwasha swichi ya ukutani, ndiyo kabisa, umeme unaikwepa soketi na kupita njia ya mkato.

Fundi akavuta waya mpya wa milimita za mraba 2.5 kutoka kwenye boksi la fyuzi, akauwekea breka yake na kifaa cha miliampea 30 cha kukata umeme unapovuja. Kifaa hicho alikifunga huku akizitazama ndala zangu.

"Haya, jaribu," akasema akiwa juu ya ngazi.

Nikachomeka pasi, nikainua macho kutazama tyubu. Nikasubiri. Wapi.

"Fundi, bado."

"Bado nini?"

"Haifanyi kazi. Taa haziwaki."

"Zisiwake, mzee. Hujawasha taa."

"Nimechomeka pasi!"

Tukabishana hivyo, yeye juu, mimi chini, wote macho darini, mpaka mtu akakohoa mlangoni.

"Baba watoto," mke wangu akasema, "ovaroli yako inaungua."