Mwenye Nyumba Nje, Bawabu Ndani

Hebu nielezeni, jamani: mtu anafungiwaje nje ya nyumba anayoilipia mwenyewe? Maana mashine pepe ya kwenye wingu, yaani kompyuta ya kukodi iliyoko mbali, haijali. Uwe umeingia, uwe umesimama mlangoni unakuna kichwa, mita inasoma tu.

Nimeandika ssh, amri ya kuingia kwenye kompyuta ya mbali, na jina la seva, nikabonyeza Enter kwa mbwembwe zote. Jibu: majaribio yamezidi, kwaheri. Yamezidi vipi? Hata hodi ya pili sijapiga!

Kumbe wa kulaumiwa ni wakala wangu, ssh-agent, programu inayotunza funguo za siri ninazoingilia badala ya nywila. Huyu bwana amebeba funguo zangu zote: za kazini, za mradi uliokufa, za seva niliyoifuta zamani. Akifika mlangoni hachagui. Anatoa mmoja, “Huu?” Sio. “Na huu?” Sio. Bawabu wa upande wa pili anahesabu kimyakimya, na zikitimia sita, ndicho kikomo chake cha kawaida, anabamiza mlango. Ufunguo wenyewe ulikuwa wa nane.

Dawa nikaipata: unaandika IdentitiesOnly yes kwenye faili lako la mipangilio, ili wakala atoe ule uliomtajia tu. Nikaandika chini kabisa, chini ya jina la seva, na jina la mtumiaji nikaliweka: ubuntu. Nikapiga hodi tena. Ruhusa imekataliwa!

Hapo ndipo nilipofahamiana na tabia ya faili hili. Linasomwa kutoka juu kwenda chini, na aliyesema kwanza ndiye aliyesema. Kule juu, enzi sijui nilikuwa nawaza nini, niliandika Host *, yaani kila seva duniani, na mtumiaji awe admin. Basi mstari wangu mpya, wenye akili na uliolengwa, unapewa kiti nyuma na hausikilizwi. Halafu IdentityFile, mstari wa kutaja ufunguo, yenyewe haifuati sheria hiyo, funguo zinajumlishwa zote! Penye haja wanabana, penye fujo wanaongeza.

Mfini aliyeitunga SSH mwaka 1995 anaitwa Tatu. Tatu Ylönen. Nilipoliona jina nikasema ahaa, ndiyo maana humu hakuna kinachokubali mara ya kwanza wala ya pili.

Nikaendesha ssh -G nione kompyuta yenyewe imeelewa nini, nikamwona admin amekaa pale kama mwenye mji. Nikaihamisha ile Host * mkiani. Nikaingia! Nikapiga kofi moja, peke yangu chumbani.

Sasa mtu mwenye busara angeishia hapo. Mimi nikasema ngoja niruhusu na nywila, iwe mlango wa uani siku funguo zikigoma. (Najua, najua, wanaobahatisha nywila usiku kucha nao watafurahi. Nilikuwa na hasira.) Nikafungua sshd_config, faili la mipangilio la bawabu kule kwenye seva, nikaandika PasswordAuthentication yes, nikaiwasha upya huduma, nikajaribu kwenye dirisha la pili. Imekataa. Nikaandika tena, safari hii taratibu, kana kwamba tatizo ni mwandiko. Imekataa.

Mnajua ni nini? Juu kabisa ya faili hilo kuna mstari wa Include, unaoita folda la sshd_config.d, na humo kuna kifaili ambacho sikukiandika mimi, kimekuja na mashine, kimeshasema no. Na seva nayo ni yaleyale: aliyesema kwanza! Ugonjwa wa nyumbani nimeukuta ugenini.

Nikakihariri kile kifaili. Nikahariri na vingine viwili vya jirani yake, kwa usalama. Sasa sikumbuki nimegusa nini, wala sijui kama nikitoka nitaingia tena, na dirisha la kwanza bado limeunganishwa. Laptopu ikilala, muunganisho unakatika. Kwa hiyo hailali. Leo siku ya tatu, naitembeza ikiwa wazi kama trei ya mayai, hadi msalani, na anayenyoosha mkono kuifunga namzomea.