Jua la Kigoma halifuati saa ya Dar

Wiki hii huku California tumesogeza saa mbele tena. Jua liko palepale, watu wamekubaliana tu kulipangia. Hilo kazini kila mtu analiona sawa. Lakini mimi nikisema saa nne asubuhi, saa nne yetu, mwenzangu wa zamu anacheka: ninyi hata saa mnazihesabu vibaya.

Basi nimwambie kilichofanyika hapahapa jimboni kwake. Pasadena kuna JPL, maabara ya shirika la anga la Marekani, NASA, wanaoendesha magari yaliyoko sayari ya Mirihi. Siku ya Mirihi, wenyewe wanaiita sol, ni saa 24, dakika 39 na sekunde 35 za kwetu. Magari ya Spirit na Opportunity yalipotua Januari 2004, watu wale walihamia saa za Mirihi. Kila siku zamu ilisogea kama dakika 40, hivyo aliyekuwa akiingia asubuhi, baada ya wiki mbili na nusu alikuwa anaingia usiku. Wakaziba madirisha kwa mapazia mazito wapate kulala mchana. Fundi saa wa Montrose, jirani tu, akawatengenezea saa za mkononi zinazokwenda polepole zaidi. Magari yale yalikula umeme wa jua, kwa hiyo ratiba ikafuata jua la kule. Dunia nzima ikawapigia makofi.

Sasa pigeni hesabu ya kwetu. Dar iko nyuzi 39 na kidogo mashariki, Kigoma 29 na nusu, na kila nyuzi moja ni dakika nne za jua. Jua letu liko nyuma ya la Dar kwa karibu dakika 39! Najua si kitu kimoja: kule dakika hizo zinajilimbikiza kila siku, kwetu hazibadiliki. Lakini nani wa Ujiji asiyezijua? Ramadhani adhana ya magharibi inasikika redioni kutoka Dar, wao wameshashika tende, sisi jua bado linawaka juu ya milima ya Kongo. Hakuna anayefungua kwa adhana ile.

Kuna atakayesema huyu kapanda ndege, sasa anatufundisha jua letu wenyewe. Sifundishi. Nimelelewa na jua hilo na ninajivunia watu wanaolisoma.

Mwingine atadakia kwamba ndiyo maana vikao vyetu vinachelewa. Hapo nakasirika kweli. Kadi imeandikwa saa kumi na mbili jioni, bibi harusi anaingia saa tatu, mshereheshaji anasema hizi ndizo saa za Kiafrika. Za Mwafrika yupi? Mvuvi wa dagaa pale Kibirizi anajua usiku upi mbalamwezi itazishinda taa zake, siku hizo anapumzika na kushona nyavu. Giza likirudi anasukuma mtumbwi kwa wakati, maana samaki hawamsubiri. Wale wa Pasadena nao walifuata jua la mbali na bado walihesabu sekunde. Kufuata jua na kuchelewa ni vitu viwili, tusivichanganye.

Kinachoniuma zaidi ni watoto. Mwezi wa saba Kigoma jua linachomoza saa moja imeshapita, na saa hiyo mtoto wa darasa la kwanza alishaondoka nyumbani zamani, anapapasa njia gizani, kwa ratiba inayomfaa mtoto wa Dar. Ng'ambo tu, Burundi na Kongo ya upande wetu, saa zao ziko nyuma yetu kwa saa nzima, na jua lilelile linawachomozea kwenye saa kumi na mbili. Siombi tubadilishe saa ya nchi. Naomba kengele ya shule za Kigoma isogezwe nusu saa. Na msiniambie watoto watachelewa kurudi: jioni kwetu jua linazama karibu saa moja, mwanga wa kurudia nyumbani upo tele.