Anzhi Haikufa kwa Sababu ya Pesa

Kila linapozuka gumzo la timu zilizoponzwa na matajiri, jina la Anzhi Makhachkala halikosekani. Na husimuliwa haraka haraka: bilionea kaja, kamwaga pesa, kamleta Samuel Eto'o, kachoka, kaondoka, timu ikafa. Watu wanacheka, mada inabadilika. Mimi simulizi hiyo siikubali. Uongo haumo, ila inaanzia katikati, inaishia kabla ya mwisho, na inaitwisha pesa lawama ambayo si yake yote.

Makhachkala ni mji mkuu wa Dagestan, jamhuri iliyo kusini kabisa mwa Urusi, kando ya Bahari ya Kaspi. Ndiko alikotoka Khabib Nurmagomedov, mpiganaji wa UFC, na kule mieleka ina heshima ambayo soka haijawahi kuifikia. Watu wake wengi ni Waislamu, makabila ni zaidi ya 30, na jirani yao wa upande wa magharibi ni Chechnya. Anzhi ilianzishwa hapo mwaka 1991, mwaka uleule Umoja wa Kisovyeti uliposambaratika. Haikuwa na urithi wa vikombe wala kiwanda kikubwa cha kuibeba mgongoni.

Mwaka 1999 ikapanda Ligi Kuu. Msimu wake wa kwanza, 2000, ikamaliza ya nne, nyuma ya Torpedo Moscow waliochukua nafasi ya tatu. Kocha alikuwa Gadzhi Gadzhiyev, mzaliwa wa Dagestan, mtu ambaye mwaka 1988 alikuwa kwenye benchi la ufundi la timu ya Kisovyeti iliyotwaa dhahabu ya Olimpiki. Mwaka 2001 Anzhi ikacheza fainali ya Kombe la Urusi na kufungwa na Lokomotiv kwa penalti. Msimu huo huo ikaingia Kombe la UEFA, ikapangwa na Rangers ya Scotland. Rangers hawakutaka kukanyaga Dagestan kwa sababu ya vita ya Chechnya, na mwishowe UEFA ikaamua ichezwe mechi moja tu, tena Warsaw, Poland. Anzhi ikalala 1-0. Mashabiki wa Makhachkala walisubiri miaka kumi kuiona Ulaya ikija kwao, wakaambiwa wawashe televisheni.

Hiyo ndiyo Anzhi ninayoipenda mimi, na ndiyo hakuna anayeizungumzia. Ilishuka daraja mwaka 2002 na kuzunguka huko chini miaka kadhaa, hadi ilipopanda tena kwa msimu wa 2010.

Januari 2011 ndipo Suleyman Kerimov akaingia. Ni mzaliwa wa Derbent, mji mkongwe wa Dagestan, bilionea na seneta wa jamhuri hiyo. Yaliyofuata yanajulikana. Roberto Carlos alitua Februari akiwa na miaka 37. Wakafuata Mbark Boussoufa wa Morocco, Balázs Dzsudzsák wa Hungary na Yuri Zhirkov kutoka Chelsea. Agosti akaja Eto'o kutoka Inter, kwa mshahara ulioripotiwa kuwa euro milioni 20 kwa mwaka baada ya kodi. Hakukuwa na mchezaji duniani aliyelipwa zaidi yake. Messi alikuwepo, Ronaldo alikuwepo, na aliyewazidi wote alikuwa Mkameruni anayechezea timu ambayo wengi wetu tulikuwa hatuwezi hata kuitamka.

Simlaumu Eto'o hata kidogo. Alikuwa na miaka 30, Ligi ya Mabingwa ameshaibeba mara tatu, na mpira haukuwa unamdai kitu. Alicheza kweli, alifunga kweli. Tena Urusi ya wakati ule haikuwa mteremko kwa mchezaji mweusi: Juni 2011, mjini Samara, Roberto Carlos alirushiwa ndizi uwanjani, akaiokota, akaitupa nje na kutoka zake kabla ya kipenga cha mwisho.

Sasa hapa ndipo penye kiini cha maneno yangu. Kikosi hicho cha Makhachkala hakikuishi Makhachkala. Wachezaji walikaa Moscow na kufanya mazoezi Kratovo, nje kidogo ya jiji hilo. Siku ya mechi ya nyumbani wanapanda ndege, wanasafiri kilomita zaidi ya 1,500, wanacheza, wanageuza. Usalama ulikuwa sababu, na sababu hiyo siidharau, maana milipuko na mauaji vilikuwa habari za kawaida Dagestan miaka ile. Michuano ya Ulaya nayo UEFA haikuruhusu ichezwe huko. Lakini kuna jambo moja linanikera kila nikilikumbuka: kambi ile ya Kratovo ilikuwa ya Saturn, klabu iliyojitoa Ligi Kuu mwanzoni mwa 2011 kwa kuelemewa na madeni. Baadhi ya mechi za Ulaya Anzhi ilizichezea Ramenskoye, kwenye uwanja wa Saturn hiyo hiyo. Wamehamia nyumba ya marehemu, matanga hata hayajaisha, na hakuna aliyeuliza marehemu alikufa kwa ugonjwa gani.

Uwanjani, tuwe wakweli, mambo yalinoga. Guus Hiddink alichukua timu Februari 2012. Msimu wa 2012-13 Anzhi ilimaliza ya tatu kwenye ligi na kufika tena fainali ya kombe, ikafungwa na CSKA kwa penalti, kama ilivyokuwa 2001. Kwenye Ligi ya Europa iliichapa Liverpool 1-0 jijini Moscow, bao la Lacina Traoré wa Ivory Coast, ikaitoa Hannover, na ilitolewa na Newcastle kwa bao la Papiss Cissé katika dakika za nyongeza. Willian alinunuliwa kutoka Shakhtar kwa euro milioni 35. Ilikuwa timu nzuri. Anayesema ilikuwa kundi la mamluki waliokuja kuchukua mshahara tu hakuiangalia.

Halafu ikaja Agosti 2013. Hiddink alikuwa ameshaondoka Julai, baada ya mechi mbili tu za msimu mpya. René Meulensteen aliyemrithi alidumu siku 16. Tarehe 7 Agosti klabu ikatangaza kwamba inabana matumizi na kubadili mwelekeo. Sababu zilitajwa nyingi: afya ya Kerimov, kanuni za UEFA za matumizi, na mtikisiko wa Uralkali, kampuni ya mbolea ya potashi aliyokuwa na hisa kubwa, ambayo wiki moja kabla ilikuwa imevunja ushirika wake wa mauzo na Wabelarusi. Ndani ya mwezi huo kikosi kikapigwa mnada. Eto'o na Willian wakaenda Chelsea, Willian akiwa ameshapimwa afya Tottenham. Kiungo Mfaransa Lassana Diarra na Boussoufa wakaenda Lokomotiv. Dynamo Moscow walizoa kundi zima, akiwemo Aleksandr Kokorin, ambaye Anzhi ilikuwa imemtoa Dynamo hiyo hiyo wiki chache nyuma. Alirudi kwao bila kuichezea Anzhi hata mechi moja. Christopher Samba wa Congo Brazzaville naye: Januari aliuzwa QPR ya England kwa pauni milioni 12.5, Julai akanunuliwa tena kwa milioni 12, Agosti akauzwa Dynamo. Hata simu za mkononi huwa hazibadilishi mikono hivyo.

Gadzhiyev, aliyetimuliwa Septemba 2011 ili kuwapisha wenye majina, aliitwa kuja kuokota vipande. Timu ikaburuza mkia na kushuka, ingawa msimu huo huo ilifika hatua ya 16 bora ya Ligi ya Europa. Ukilitafakari hilo utaona jinsi kilichobaki kilivyokuwa bado na uhai.

Wasimuliaji wengi huweka nukta hapo, nami ndipo ninapogombana nao. Anzhi haikufa 2013. Ilipanda tena 2015. Desemba 2016 Kerimov akaiuza kwa Osman Kadiyev, na kuanzia hapo habari zake zikawa madeni na wachezaji wasiolipwa. Mwaka 2018 ilifungwa na Yenisey kwenye mechi za mchujo na ilipaswa kushuka, ikaokolewa kwa sababu Amkar Perm ilikufa kabla yake. Mwaka 2019 ikashuka kweli, ikakosa leseni ya daraja la pili, ikaporomoka hadi la tatu. Mwaka 2022 ikakosa leseni hata ya hilo, na mpira wa kulipwa ukaishia hapo. Miaka tisa kamili imepita kati ya mnada na kaburi. Katika muda wote huo sikuona wenye timu, yaani watu wa Makhachkala, wakipewa kiti mezani. Hawakuwa na hisa wala kura. Walikuwa na tiketi.

Na tusidhani ni balaa la Anzhi peke yake. Alania ya Vladikavkaz, mabingwa wa Urusi wa 1995, ilifilisika 2014. Tosno ilitwaa Kombe la Urusi Mei 2018 na kuvunjwa mwezi uliofuata. Hakuna Eto'o aliyewahi kucheza Tosno. Soka la Urusi linaendeshwa kwa mfuko wa gavana, wa kampuni ya serikali au wa mtu mmoja, na mfuko ukifungwa hakuna pa kukimbilia. Zenit ina Gazprom, kampuni ya gesi ya serikali; Lokomotiv ina shirika la reli. Kwa hiyo zikiyumba huitwa zinapitia kipindi kigumu, wakati timu ya pembezoni ikiyumba huitwa funzo.

Ndiyo maana nasema pesa haikuiua Anzhi. Pesa za Kerimov zilijenga upya uwanja wa Kaspiysk, jirani na Makhachkala, unaochukua watu zaidi ya 26,000, na uwanja huo haukuhamia Moscow wala haukuuzwa Chelsea. Ni kitu cha enzi ile kilichowekwa Dagestan, na kimebaki. Leo unatumiwa na Dynamo Makhachkala, klabu iliyoundwa upya 2021 na kupanda Ligi Kuu 2024. Msimu wake wa kwanza haikushuka. Ni timu ya kukaba, yenye mabao ya kuhesabu, na ukiniuliza majina ya wachezaji wake watano nitakwama kwenye wa tatu. Ninaifuatilia kuliko nilivyoifuatilia Anzhi ya Eto'o, ingawa bado natafuta mtu wa kunieleza siku anayeilipia bili atakapochoka, nani atakaa kwenye kiti chake.